Mayayi ya Mama Gertrude na Kona ya Shaba

3 septembre

«Ndiyo, Mama Gertrude, ampoule ya taa inaweza kulalia mayayi. Kuku ni nini? Kuku iko ampoule yenye iko na manyoya.»

Njo vile nilimujibu leo asubui mbele ya batu yote ya avenue, na sasa niko na kazi. Kinywa yangu inatembeaka na pikipiki, akili inafuata na miguu.

Mama Gertrude alikimbiaka vita ya Djugu. Anakaa hapa Shari, mu Bunia, nyuma ya parcelle, kiwanja yetu, chini ya bâche, turubai tu. Alikuya na sufuria moja, jogoo moja na kuku mbili mu kikwembe, kitenge yake. Kuku yake ikianza kulalia, mvua inaingia chini ya bâche, kuku inasimama, mayayi inaoza. Alisikia kama miye natengenezaka vyombo, akaniuliza kama mashini inaweza kulala pa nafasi ya kuku. Bei: mutoto moja ya kuku, ya kike.

Radio, nimetengeneza. Chargeur, taa ya solaire, nimetengeneza. Couveuse, ile mashini ya kulalia mayayi, hata siku moja. Lakini Mama hakuuliza ile.

Hii agenda, kitabu ya tarehe, nimepewa na Glodie, mwenye salon ya kusuka nywele pale ku kona. Iko ya mwaka ya zamani, siku haifanane na tarehe. Akaniambia: «Michée, uongo yako inapotea bure mu hewa. Andika.»

4 septembre

Mvua.

6 septembre

Nimeenda kuona Caleb. Caleb alisoma électronique mupaka graduat, miaka tatu ya université, anavaaka shemizi, shati ya kola, ndani ya suruali hata siku ya kupasua kuni. Nilimueleza mambo ya mayayi.

Akasema: «Iko rahisi. Sanduku, ampoule ya phare ya moto, ile taa ya mbele ya pikipiki, batterie, na plaque. Plaque njo akili. Joto ikipanda, inazima ampoule. Joto ikishuka, inawasha.»

«Basi fanya.»

«Miye nitachora schéma, ramani yake. Plaque, utakata weye. Miye siwezi weka mikono mu ile salade yako.»

Anacheka bain yangu, ile maji ya kukula shaba. Miye natengenezaka plaque hivi: nakamata plaque yenye iko na shaba yulu, nachora barabara ya courant, umeme, na marqueur, naweka yote mu ndimu, chumvi na eau oxygénée, ile dawa ya salon ya kugeuza rangi ya nywele. Pale pasipo wino, shaba inakuliwa. Pale penye wino, shaba inabakia, njo inakuwa njia ya courant. Harufu iko kama batu banatayarisha samaki. Majirani banakuyaka na bugali, banarudi na hasira.

9 septembre

Plaque ya kwanza. Nilichora barabara yote na règle, rula, kona carré, ya mraba, sawa parcelle yenye iko na document. Ilikuwa muzuri mupaka nilitaka kuiweka mu cadre ya picha.

Nikaitosha inje ya bain. Barabara iko. Kona, hapana. Kila kona, shaba imekatika, sawa panya imepita. Barabara inafika ku kona, inasimama, ngambo ile nyingine inaanza. Courant itaruka?

10 septembre

Mvua. Plaque ya pili. Kona imekuliwa.

12 septembre

Caleb amekuya kuona. Ameinama yulu ya plaque sawa docteur yulu ya mugonjwa mwenye hatalipa.

«Kona ya carré njo mubaya,» akasema. «Unakata kona mushazari, degré quarante-cinq, arobaini na tano. Batu yote banafanya vile.»

«Batu yote ya wapi?»

«Ya mu mashini. Kompyuta inachora, imprimante, mashini ya kuchapa, inatosha karatasi.»

«Caleb, weye unataka courant ikate njia ndani ya parcelle ya mutu? Hapa Bunia? Batu banaenda tribunal juu ya mètre moja, weye unapitisha barabara katikati ya uwanja?»

«Courant haina titre foncier, hati ya kiwanja, Michée.»

«Njo maana inafukuzwaka kila siku.»

Hakucheka. Batu ya graduat, kucheka kwabo inangoja siku ya posho, Jumamosi, bakimaliza dossier, makaratasi yabo.

16 septembre

Caleb mwenyewe alichora, na équerre, rula ya pembe tatu, kona yote quarante-cinq. Miye nilitia mu bain. Tukangoja. Tukatosha.

Zamani, kila kona ilikuwa inakatika mara moja. Sasa inakatika mara mbili.

Caleb aliangalia équerre yake sawa mutu mwenye muke yake amemudanganya. Nikamuambia: «Félicitations, ingénieur. Umezalisha mapacha.»

Alirudia kwake pasipo kukunywa chai.

17 septembre

Mvua. Ndimu imeisha.

20 septembre

Nilienda kuambia Mama Gertrude asubiri kidogo. Nilikuwa nimetayarisha uongo tatu, nilibeba zote. Alinipa kiti, nikasahau ile ya kwanza.

Kuku yake iko na miguu murefu na shingo pasipo manyoya. Nikamuchokoza: «Mama, hii kuku ilikimbia mbio sana, imeacha shati njiani.»

Akasema: «Michée, mutoto yangu, hii kuku haikuuzishwaka hata siku moja. Kwetu mu famille, binti akienda kuolewa, mama yake anamupa kuku ya kike kutoka ku kuku ya mama yake. Bibi yangu alipewa, mama yangu alipewa, miye nilipewa. Nyumba iliungua, hii nilibeba. Niko na binti yangu Nadège, ataolewa mwezi ya kumi na mbili. Nitamupa nini? Sufuria?»

Nilimeza ile uongo ingine mbili. Ilikuwa kavu.

24 septembre

Plaque ya ine. Nilitumia vernis, rangi ya makucha, ya Glodie pa nafasi ya marqueur. Kona imekuliwa. Na vidole yangu tatu iko rouge, nyekundu. Motard moja, dereva ya moto, aliniita «chérie», mupenzi.

30 septembre

Mvua. Mvua. Jogoo ya Mama Gertrude inawika saa yenye inataka. Anaiitaka Député, mubunge: inasema mingi, haitage.

3 octobre

Glodie alikataa kunipa eau oxygénée ingine. «Iko ya nywele ya bamama, haiko ya barabara yako. Uliona wapi barabara ya kuoga?»

«Hapa Shari, kila siku.»

Akanipa chupa nusu juu ya ile jibu.

11 octobre

Kuku moja ya Mama Gertrude imelala, shingo imegeuka. Ugonjwa ya kuku imeingia mu quartier. Kwa jirani, imekufa yote.

13 octobre

Kuku mbili zote zimekufa. Mama Gertrude alizizika, hakuzikula. Imebakia Député peke yake, na mayayi quatorze, kumi na ine, mu kitunga, mu maganda ya mupunga.

Nilienda kusema pole. Hakuniuliza mashini. Aliniambia tu: «Yayi haipitishe siku nyingi. Ikikawia kulaliwa, inakuwa jiwe.»

Leo sina mchezo.

15 octobre

Nilipanda moto kwenda kutafuta ndimu ku soko. Mvua ilinyesha asubui, njia yote ni matope. Kwa kona, nikapiga motard mu mugongo: «Simama! Simama! Kisha ugeuke!»

Yeye akafungua kona zaidi, akapita mbali, polepole, muviringo, sawa mutu anazunguka meza. Tukapita. Nyuma yetu moto ingine ilifika pale pale, ikafunga frein, breki, ikasimama kugeuka. Tuliona miguu ya client yulu.

Motard akaniambia: «Vieux, mu kona ya matope unapunguza mwendo mbele ya kuingia. Lakini ukiwa ndani, usisimame. Mwenye anasimama njo anaanguka.»

Tulifika soko. Kisha nikapaza sauti: «Turudi!»

«Na ndimu?»

«Ndimu! Basi ndimu, kisha turudi!»

Juu nimeona sababu. Miye nikifika ku kona, nafanya nini? Nasimama. Nainua marqueur. Nageuza plaque. Nashusha marqueur tena pale pale. Na wino ya mupya inalegeza wino ya zamani! Pale penye nilisimama, wino inakuwa nyembamba, ndimu inaingia. Haiko carré, haiko quarante-cinq. Ni kusimama. Caleb na équerre yake alikuwa anasimama mara mbili, akapata tundu mara mbili.

Na miye nilijuaka ile tangu mutoto. Mu première primaire, darasa ya kwanza, Madame Léontine alikuwa anatufundisha kuandika kwa kushikanisha. Ukiinua bic, kalamu, katikati ya neno, fimbo. «Neno moja, pumuzi moja!» Nilisoma miaka ine tu, lakini vidole yangu ingali inaogopa ule mama.

16 octobre

Nilichora plaque yote sawa naandika barua. Barabara inatoka ku batterie, inageuka muviringo, inaenda, haisimame mupaka mwisho. Pumuzi moja. Nilikaribia kuzimia.

Bain. Kungoja. Nikatosha. Kona yote iko! Iko minene, iko muzuri, inateleza sawa nyoka yenye imeshiba.

Caleb aliipima yote na voltmètre, kipimo ya umeme, akatosha miwani ku macho. «Hii haiko mu kitabu yangu.»

«Juu kitabu yako iko na imprimante.»

«Ndiyo,» akasema. «Mashini haiinuake mukono. Nilikuwa nakufundisha kona ya mutu mwingine.» Na akacheka! Caleb! Yuko na pengo mu meno, sikujua. Kisha akakaa chini kusouder, kuchomelea, transistor na relais mupaka akamaliza, miye nilishika tu taa.

Kitu moja tu ilimusumbua. Pale ku barabara ya ampoule, ile kubwa, miye niliipitisha ndani ya jina yangu. Kila boutique ya Bunia iko na jina mbele, kila moto iko na jina nyuma, plaque yangu itaenda uchi? Niliandika *Michée* kwa kushikanisha, courant ya ampoule inaingia ku M, inatokea ku e. Na M niliifanya kubwa, na pembe kali, sawa enseigne, kibao ya duka.

«Hii M iko na pembe kali sana,» Caleb akasema. «Mu pembe ya ndani acide inajificha.»

«Ni M, Caleb. Unataka niifanye O, niitwe Oichée?»

18 octobre

Mayayi quatorze imeingia mu couveuse. Mama Gertrude alitia kila moja alama ya makala, juu ya kujua upande gani amegeuza. Ampoule iliwaka, ikazima, ikawaka. Mama alingojea izime tena. Kisha akaweka mukono yulu ya sanduku, sawa mutu anasalimia.

19 octobre

Ampoule inawaka, inazima.

21 octobre

Mvua. Ampoule inawaka, inazima. Natembea kifua mbele.

25 octobre

Tuliangalia mayayi na torche mu giza ya chumba. Ndani, mishipa midogo myekundu, inatawanyika. Mbili ni maji tu. Douze, kumi na mbili, iko na mutu. Mama Gertrude alishika mukono yangu pasipo kujua. Nikatazama ile mishipa: hakuna kona carré hata moja.

1 novembre

Nitaandika yote, hata yenye inanipiga.

Leo, siku ya posho, mvua ilianza asubui na baridi. Nilikuwa kwa Glodie, nafanyisha bamama kucheka, nawaeleza kama nitafungua usine, kiwanda. Mama Gertrude akaingia, maji inatiririka ku kichwa. Alisema pole pole:

«Michée. Ampoule yako imelala.»

Tulikimbia. Sanduku iko baridi. Nilikamata yayi, nikasema: «Iko bado na joto, Mama.» Yeye alikamata ileile, akaiweka ku kope ya jicho yake. Akasema: «Hapana. Ile ni joto ya mukono yako.»

Batterie, muzuri. Ampoule, muzuri. Nikaita Caleb. Lakini kwanza mayayi: tutaiweka wapi? Courant hakuna mu quartier, makala itachoma, bâche inavuja.

Mama Gertrude aliiweka yote douze katikati ya kikwembe na kifua yake, akatoka kwenda kwa Glodie. Miye nyuma yake.

Salon ilikuwa imejaa. Siku ya posho, bamama banasukwa juu ya kesho kanisa. Mwenye anasukwa anakaa masaa mingi, kichwa haiwezi geuka, mukono iko bure. Mama Gertrude hakuomba. Alipita kwa mama moja moja: «Funga hii chini ya kwapa. Usicheke.» «Weye, weka mu tumbo. Usisimame.»

«Mama, miye niko na client!» Glodie akasema.

«Client yako iko na kwapa?»

«... Iko nayo.»

«Basi.»

Glodie mwenyewe alipewa mbili, akasuka na viwiko yenye imefungwa sawa kuku yenye imeloa. Mama moja munene mu kona akauliza: «Na nikisinzia?» Mama Gertrude akajibu: «Utaamka na omelette na aibu.» Hakuna mutu alisinzia.

Nikarudi mbio. Caleb yuko na voltmètre, magoti mu matope. Alikuwa anagusa barabara kidogo kidogo, kutoka batterie. «Courant iko... iko... iko...» Akafika ku jina yangu. «Iko... hapana.»

M. Katikati ya M, pale chini penye miguu mbili inakutana. Pembe kali. Ndimu ilijificha mule, ilikula chini ya wino, shaba ilibakia unywele moja. Ampoule ilipitisha courant ndani ya ule unywele siku zote hizi, leo ikaungua.

Barabara yote ilisimama imara. Ile yenye ilikufa ni publicité, tangazo ya jina yangu.

Nilingojea Caleb aseme. Alikuwa na haki ya kusema mupaka mwaka mupya. Alisema tu: «Kamata musumari, weka mu makala.»

Juu fer à souder, chuma yetu ya kuchomelea, inataka courant, na courant hakuna. Tulipasha musumari mu braséro, jiko ya makala. Inatoka nyekundu, ikifika ku plaque iko baridi. Tena. Inafika baridi. Miye napuliza makala, Caleb anakimbia na pince, koleo, mvua inapiga bati. Nikamuambia: «Usisimame mu kona!» Akaniambia: «Nyamaza, Oichée.»

Mwisho étain, ile risasi ya kuchomelea, ilikubali. Caleb aliunganisha waya, kutoka muguu ya kwanza ya M mupaka ngambo, musitari moja, yulu ya jina. Madame Léontine alikuwa anafanyaka ile na bic nyekundu, ukikosa.

Ampoule iliwaka.

Tulibeba mayayi na sahani, kutoka kwa mama moja moja, hakuna yenye ilivunjika. Mama Gertrude aliweka kila moja ku kope, akairudisha mu sanduku. Kisha akaniangalia.

«Ile maandiko ilikuwa ya nini?»

«Jina yangu, Mama.»

«Na mayayi ilikuwa inahitaji jina?»

Nilienda kuokota musumari mu matope. 

2 novembre

Mvua. Mama Gertrude anageuza mayayi, ananigeuzia mugongo.

4 novembre

Nilimuletea bâche ya mupya. Alipokea. Alisema «aksanti», kavu.

8 novembre

Siku yenyewe, ya makumi mbili na moja: batoto ya kuku banatokaka leo. Hakuna kitu.

9 novembre

Siku ya Yenga, Jumapili. Hakuna kitu. Mama Gertrude alitoka kanisa, akakaa mbele ya sanduku. Caleb alikuya na shemizi yake, akakaa. Glodie alifunga salon, akakaa. Miye nilisimama inje. Nadège alinipa chai, akasema: «Kuolewa na sufuria haiuwe mutu, kaka.» Chai ilikuwa na sukari, sikuisikia.

10 novembre

Asubui, nilisikia «pyo».

Nikafikiri ni miye. Kisha tena: «pyo». Mama Gertrude akafungua kidogo. Yayi moja iko na tundu, na ndani ya tundu, pua.

Ku mangaribi ilikuwa tisa. Tatu haikufungua. Tisa, shingo uchi yote, mbaya kabisa, kama bazee tisa banatoka kuoga. Mama Gertrude alicheka na machozi. Député iliwika saa yenye haifai, mara hii hakuna mutu aliitukana.

Bamama ya salon bakaingia, na kelele. «Ile njo yangu, ya kwapa ya kushoto! Ona vile iko na harufu ya pommade!» «Hapana, yako ilikuwa na alama kubwa!» Glodie alishika moja mu mukono, akaniangalia: «Michée, sasa tuko na mutoto pamoja, na haujaenda hata kuona wazazi yangu.»

Kinywa yangu ilitaka kutembea. Akili ikasema: ngoja, tutembee pamoja.

6 décembre

Mvua imepunguka. Ya kike iko tano. Moja ilisha fungiwa utepe ku muguu, ya Nadège. Ndoa iko siku ya posho ingine.

Mama Gertrude aliniita, akanipa yangu. Nikanyoosha mukono, hakuachilia.

«Hii haiuzishwe.»

«Ndiyo, Mama.»

«Ikizala, ya kwanza ya kike haiko yako. Unamupa mutu mwenye alikimbia pasipo kuku.»

«Ndiyo, Mama.»

«Na usiiandike jina.»

Akaachilia.

Basi, weye mwenye unasoma, usifunge agenda kwanza, tuongee biashara. Niletee sanduku, ampoule ya phare, na plaque ya shaba. Mayayi, leta yako. Ndimu, leta mingi. Miye na Caleb tutakufanyia couveuse: schéma yake, mukono yangu, kona yote muviringo, pumuzi moja. Hautalipa hata franc. Mutoto ya kwanza ya kike yenye itatoka haiko yako, haiko yangu. Mama Gertrude atakuonyesha chini ya bâche gani utaipeleka. Ingine yote ni yako.

Na ukitaka jina yako yulu ya mashini, iko bure. Nitaiandika inje, ku mbao, na makala, kubwa vile unataka, na pembe yote.

Ku shaba, hapana. Hata ukilia. Tumekubaliana?